Nimefuta mauzo ya miaka mitatu, faili la SQLite halijapungua hata kidogo

dogo_wa_spea

Wakuu salaam. Nina kanzidata ya SQLite (ile inayokaa yote ndani ya faili moja, bila seva) inayonitoa jasho, na mjomba ameshaanza kuuliza maswali nisiyoyapenda.

Mimi si mtaalamu. Nauza spea za pikipiki dukani kwa mjomba hapa Mwanza: cheni, spoketi, breki shuu, shokapu, kebo za klachi. Mwaka 2019 nilijifundisha lugha ya programu ya Python usiku usiku kwa simu, nikaandika programu ya mauzo kwa sababu daftari lilikuwa linatupoteza. Ikafanya kazi, tena vizuri mpaka mjomba akanunua laptopu ya pili ya mtumba, na mwaka juzi ya tatu. Sasa tuna kaunta mbili na stoo. Zote tatu zinafungua faili moja, duka.db, lililo kwenye folda ya pamoja ya laptopu ya stoo. Zinalifikia kwa waifai ya ruta ndogo tuliyoitundika juu ya mlango.

Shida ni nne.

Ukubwa. Faili limefika GB 2.4 na diski ya laptopu ya stoo imebakiwa na GB 1.1. Wiki iliyopita nikafuta mauzo na manunuzi yote ya 2019, 2020 na 2021, pamoja na picha za risiti za wauzaji wa jumla, maana picha nazo nazihifadhi humo humo. (Kabla ya kufuta nilikopi faili zima kwenye flashi, msiogope.) DELETE (amri ya kufuta) ikapita, nikahesabu rekodi, kweli zimepungua. Nikaangalia faili: GB 2.4 vile vile. Nikasoma mahali kwamba niendeshe VACUUM, amri ya kubana faili. Ikahangaika dakika kadhaa, mwisho ikatema "database or disk is full". Yaani nafuta vitu ili nipate nafasi, halafu naambiwa nilete nafasi kwanza.

Kasi. Mjomba kila jioni anafungua ripoti ya siku akiwa kaunta ya kwanza. Zamani ulikuwa unabonyeza na inatokea. Siku hizi anabonyeza, anamiminiwa kahawa, anakunywa nusu kikombe, ndipo inatokea. Nimepima: sekunde 40. Ripoti ya manunuzi ya mwezi siithubutu tena, inazidi dakika tano.

Kufungiana. Jioni hiyo hiyo kaunta ya pili inagoma kuuza, inaandika "database is locked". Mteja kasimama na spoketi mkononi, dereva wake wa bodaboda anapiga honi nje.

Ya nne sijui kama ni ya SQLite au ya binadamu. Hesabu ya stoo hailingani na rafu. Kompyuta inasema spoketi 14, rafuni zipo 11. Mjomba ameanza kumwangalia kijana wa stoo kwa jicho la pembeni, na mimi namfahamu yule kijana, si mwizi.

Nimesikia kuna kitu kinaitwa WAL, namna ya SQLite ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, kwamba ukikiwasha kufungiana kunaisha. Niwashe? Na bakapu nafanya, msije mkaniuliza: kila siku saa mbili usiku kijana anakopi duka.db kwenye flashi huku kaunta zikimalizia wateja wa mwisho.

kibegi_cha_kodi

Hamia PostgreSQL, kanzidata yenye seva yake. SQLite ni ya simu na majaribio. Uzi ufungwe.

Bi_Mizani

Mdogo wangu, umeorodhesha shida nne, lakini iliyonishtua mimi ni ile sentensi ya mwisho uliyoipitia mbio. Faili linakopiwa kaunta zikiwa zinauza? Basi acha ukubwa kwanza. Leo usiku, kabla hujagusa kitu kingine, chukua zile nakala za kwenye flashi, ziweke kwenye diski ya kompyuta isiyo na kazi, fungua moja moja uandike:

PRAGMA integrity_check;

Ikijibu "ok" nakala ni nzima. Ikijibu kitu kingine chochote, unajua huna bakapu. SQLite inapoandika mauzo, kwanza inaweka pembeni kurasa za zamani kwenye faili linaloitwa duka.db-journal, halafu inabadilisha kurasa ndani ya duka.db yenyewe. Ukikopi duka.db peke yake katikati ya kazi hiyo, unapata faili nusu la kabla na nusu la baada. Ni kama kumpiga picha mtu shati likiwa limefunika kichwa: huwezi kujua anavaa au anavua. Nakala inaweza hata kufunguka na kuonekana nzuri kwa miezi, mpaka siku unapoihitaji.

Sasa ukubwa. DELETE hairudishi nafasi kwa Windows. Faili la SQLite limegawanywa kurasa, kwa kawaida baiti 4096 kila moja. Rekodi zikifutwa, kurasa zake zinaingizwa kwenye orodha ya kurasa huru zikisubiri data mpya. Mchele ukipungua debe halisinyai. Ukitaka kujua una kurasa tupu ngapi:

PRAGMA page_count;
PRAGMA freelist_count;

Zidisha ya pili kwa 4096, utaona hewa uliyoibeba.

VACUUM imekugomea kwa sababu inajenga kanzidata mpya kwenye faili la muda, halafu inairudisha juu ya ile ya zamani huku ikitunza jarida la kurudi nyuma endapo umeme utakatika. Nyaraka za SQLite zenyewe zinasema uwe na nafasi tupu inayoweza kufika mara mbili ya faili. Kwa GB 2.4 hiyo ni karibu GB 5, na wewe una moja na kidogo. Lakini tangu toleo la 3.27 la mwaka 2019 kuna njia nyingine:

VACUUM INTO 'E:/duka_safi.db';

Hiyo inaandika nakala iliyobanwa kwenye diski nyingine kabisa, flashi au diski ya nje, bila kugusa faili la asili. Nafasi inayotakiwa ni ile ya data iliyobaki tu. Na ndiyo itakuwa bakapu yako kuanzia leo, maana inasoma kanzidata kama ilivyokuwa sekunde moja maalumu, hata watu wakiwa wanauza. Uangalie toleo lako kwa SELECT sqlite_version();

Usidanganywe na auto_vacuum. Inapunguza faili, ndiyo, lakini inahamisha kurasa huku na huko kila muamala (kundi la mabadiliko yanayoandikwa kwa pamoja) ukifungwa, na data inazidi kutawanyika. Duka lako halihitaji.

Kuhusu sekunde 40, sijaona swali lenyewe unaloiuliza kanzidata. Libandike hapa, na mpangilio wa majedwali pia. Weka EXPLAIN QUERY PLAN mbele yake, SQLite itakueleza inavyotafuta data, ulete jibu.

Kufungiana nadhani nimeshakuona. Bila WAL, anayesoma anashika kufuli la kusoma mpaka amalize. Anayeandika anaweza kuandaa mauzo yake, lakini akitaka kuyafunga lazima wasomaji wote watoke kwanza. Python inamsubirisha sekunde 5 kwa kawaida, kisha inakata tamaa. Mjomba anasoma kwa sekunde 40. Fanya hesabu. Kaunta ya pili haina kosa, na ukipunguza ripoti ya mjomba kufungiana kutapungua kwenyewe.

Lakini usiwashe WAL. Narudia, usiwashe, maadamu faili liko kwenye folda ya pamoja. WAL inategemea kipande cha kumbukumbu ambacho programu zote zinakitumia kwa pamoja, na kompyuta tatu hazina kumbukumbu moja. Nyaraka zinasema wazi kwamba wote wanaotumia kanzidata wawe kwenye mashine moja. Hata hali uliyonayo sasa si salama: makufuli ya faili kupitia mtandao yanajulikana kwa kusema uongo. Mpaka leo umebahatika.

Na kibegi, hujakosea kabisa, kompyuta tatu juu ya faili moja kweli si kazi ya SQLite. Ila "ya majaribio" hapana. Hipp, aliyeiunda SQLite, aliianza mwaka 2000 kwa kazi ya meli ya kivita ya Marekani, haswa ili programu isitegemee seva ya kanzidata iliyoko pembeni. Shida hapa ni mahali faili lilipowekwa.

dogo_wa_spea

Dada shikamoo. Nimelala saa nane usiku.

Nakala zilikuwa saba kwenye flashi. Tano zimejibu ok. Mbili zimesema "database disk image is malformed". Na moja kati ya hizo mbili ni ile niliyoikopi kabla ya kufuta miaka mitatu. Niliikopi saa saba mchana, duka limejaa. Mjomba sijamwambia.

Hizi hapa namba. page_count 641208, freelist_count 388514. Nimezidisha: karibu GB 1.5 ni kurasa tupu! Toleo ni 3.31.1. VACUUM INTO imekubali, faili jipya ni MB 941.

Swali la ripoti:

SELECT bidhaa, SUM(idadi), SUM(bei) FROM mauzo WHERE date(tarehe) = '2025-05-12' GROUP BY bidhaa;

Jibu la EXPLAIN lina mistari miwili, wa juu unasema SCAN TABLE mauzo. Jedwali la mauzo limebaki na rekodi 290,000 hivi. Indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) sina, sikujua kama zinawekwa kwa mkono.

Majedwali:

bidhaa (id, jina, bei, idadi)
mauzo (id, bidhaa, idadi, bei, tarehe, muuzaji)
manunuzi (id, msambazaji, picha, tarehe, jumla)

Picha zilizobaki ni 2,400 hivi, kila moja KB 350 mpaka 400. Na nimekumbuka lingine: nikipakia bei mpya za bidhaa zote, ambazo ni 4,200, inachukua zaidi ya dakika tatu. Nafanya UPDATE moja (kubadilisha rekodi), commit (kufunga muamala), UPDATE moja, commit. Niliogopa umeme ukikatika nisipoteze zote.

Bi_Mizani

Marahaba. Usilie kwanza kuhusu ile nakala. Pakua programu ya sqlite3 ya mstari wa amri kutoka sqlite.org, toleo la karibuni, kisha:

sqlite3 mbovu.db .recover > okoa.sql
sqlite3 imepona.db < okoa.sql

Amri hiyo ipo tangu 3.29. Inapita ukurasa kwa ukurasa ikiokota kila rekodi inayosomeka. Mara nyingi hasara ni ndogo kuliko hofu. Fanya kazi hiyo juu ya kopi ya kopi, ile ya kwenye flashi usiiguse tena.

Ripoti. SCAN maana yake anasoma jedwali zima, mauzo yote tangu 2022, ili akupe ya leo. Tena anayasoma kupitia waifai ya juu ya mlango, ndiyo kahawa yote hiyo. Weka indeksi:

CREATE INDEX mauzo_tarehe ON mauzo(tarehe);

Ila indeksi peke yake haitakusaidia kitu, kwa sababu umeifunga tarehe ndani ya date(). Indeksi imepanga tarehe kama zilivyoandikwa, haijui chochote kuhusu matokeo ya date(). Uliza hivi:

WHERE tarehe >= '2025-05-12' AND tarehe < '2025-05-13'

Shukuru uliandika mwaka mbele. Niliwahi kurithi programu yenye tarehe za siku/mwezi/mwaka, na kwa maandishi '02/01/2024' ni kubwa kuliko '01/12/2024'. Sitaki hata kusimulia.

Ripoti ya manunuzi ndiyo imenifurahisha, maana kosa hili huwa halionekani. Picha umeiweka kabla ya tarehe. Rekodi ikiwa kubwa kuliko ukurasa, SQLite inaimwaga kwenye kurasa za ziada zilizoshikana kama cheni zako za pikipiki, kila ukurasa unataja unaofuata. Ili aifikie tarehe iliyo nyuma ya picha, lazima apite pingili zote. Picha ya KB 370 ni kurasa tisini na ushee. Mara 2,400. Wewe umeuliza tarehe na jumla, yeye amezivuta picha zote za risiti hewani kuja kaunta, bila hata kukuonyesha moja.

Tiba: toa picha ziwe faili za kawaida kwenye folda, kwenye jedwali ubaki na jina la faili. Kipimo wanachokitoa wenyewe wa SQLite ni kama KB 100. Chini ya hapo kanzidata inaweza kushinda faili za kawaida kwa kasi, juu ya hapo faili zinashinda. Toleo lako halina DROP COLUMN, hiyo ilikuja 3.35. Kwa hiyo unda jedwali jipya lisilo na picha, hamishia data, futa la zamani, badili jina, kisha VACUUM. Safari hii nafasi itatosha.

Bei mpya: kufunga muamala mara moja moja ndiko kunakokula dakika tatu. Kila commit inasubiri diski ithibitishe kwamba imeandika kweli, na diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inaweza kama miamala 60 kwa sekunde ikijitahidi. Kuandika kwenyewe ni rahisi, SQLite inafanya makumi ya maelfu kwa sekunde. Fungua BEGIN moja, UPDATE zote 4,200, COMMIT moja. Na hofu yako ya umeme ni kinyume: ukikatika katikati, kwa njia yako nusu ya duka ina bei mpya na nusu ya zamani, hujui mpaka ni wapi. Kwa muamala mmoja, zote au hakuna.

Hiyo ya stoo na rafu, nionyeshe mistari ya Python inayouza kitu kimoja.

dogo_wa_spea

Hii:

idadi = c.execute("SELECT idadi FROM bidhaa WHERE id=?", (id,)).fetchone()[0]
c.execute("UPDATE bidhaa SET idadi=? WHERE id=?", (idadi - n, id))

pwani_ya_pili

Naingilia kutoka Mombasa, niwie radhi Bi Mizani, hili liliniuma mimi pia.

Ndugu, mwachilieni huyo kijana wa stoo. Angalia: kaunta ya kwanza yasoma spoketi 14. Kaunta ya pili, nusu sekunde baadaye, yasoma 14 vile vile. Wa kwanza auza mbili, aandika 12. Wa pili auza moja, aandika 13. Zimetoka tatu, kompyuta imehesabu moja. Na kwa waifai ya polepole huo mwanya huwa mkubwa, ndiyo maana jioni watu wakijaa tofauti huzidi. Kila siku kompyuta yasema ziko nyingi kuliko rafuni, sivyo? Haijawahi kuwa kinyume?

Usisome kisha ukatoe mwenyewe. Mwachie kanzidata atoe:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - ? WHERE id = ? AND idadi >= ?

Kisha tazama rowcount, idadi ya rekodi zilizobadilika. Ikiwa 0, mali haitoshi, mwambie mteja. Na mauzo yenyewe pamoja na hiyo UPDATE viwe ndani ya muamala mmoja unaoanza na BEGIN IMMEDIATE. Kwa Python weka isolation_level="IMMEDIATE" unapofungua. Hapo kufuli la kuandika lachukuliwa mlangoni. Bila hivyo, wawili waweza kuanza kama wasomaji wote, kisha wote wakataka kuandika, na mmoja arudishwa papo hapo hata kama timeout (muda wa kusubiri) umeiweka dakika nzima. Mimi niliongeza timeout mpaka 60 nikidhani nimetibu.

dogo_wa_spea

Haijawahi kuwa kinyume. Hata siku moja. Aisee.

Bi_Mizani

Pwani amemaliza, sina la kuongeza hapo.

Sasa lile la folda ya pamoja. Una Python tayari, basi weka Flask, kifaa cha Python cha kutengeneza seva ndogo ya wavuti, kwenye laptopu ya stoo. Programu hiyo moja ndiyo inayofungua duka.db, kwenye diski yake yenyewe. Kaunta zinatuma "uza spoketi mbili" kwa kivinjari au kwa programu yako ya sasa, hazigusi faili tena. Folda ya pamoja uifunge kabisa, asije mtu akajisahau. Na kama unaweza, nunua waya wa mtandao mita kumi na tano, waifai iachie simu za wateja.

Ukishafika hapo, WAL iwashe, sasa ni halali yako: PRAGMA journal_mode=WAL; Wasomaji hawatamzuia mwandishi tena. Kuanzia siku hiyo utaona mafaili mawili pembeni, duka.db-wal na duka.db-shm. Si takataka. Kuna mtu ataziona na kutaka kufanya usafi. Mwonye. Mauzo ya karibuni yanakaa ndani ya hiyo -wal mpaka yahamishiwe kwenye faili kuu.

Watu wengi watakwambia uweke synchronous=NORMAL kwa kasi, yaani SQLite isisubiri diski kila commit kama inavyofanya kwa FULL. Kanzidata haiharibiki ukiweka, lakini umeme ukikatika mauzo machache ya mwisho yanaweza kupotea. Mimi kwa duka ningeacha FULL. Kaunta mbili hazitaichosha.

Nikuachie kisa changu. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwenye ghala la korosho huku Mtwara, inapokea uzito kutoka kwenye mizani na kuandika SQLite kwa WAL. Msimu mmoja wananipigia simu: mizani inapima lakini haihifadhi. Memori kadi ya GB 16 imejaa. Naangalia, kanzidata MB 60, na faili la -wal lina zaidi ya GB moja, mengine ni makumbukumbu ya makosa. Kumbe niliandika skrini ya ukutani inayoonyesha jumla ya siku, nikaifungulia muamala wa kusoma saa moja asubuhi na sikuufunga kamwe. SQLite hujaribu kuhamisha yaliyomo kwenye -wal kila zikifika kurasa 1000, lakini haiwezi kuanza upya faili hilo maadamu kuna msomaji bado ameshikilia picha ya asubuhi. Likawa linarefuka tu. Nilisafiri saa nne kwenda kubadilisha mistari mitatu: funga muamala baada ya kusoma, na kila usiku PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);

Kwa hiyo kwenye Flask yako, kila ombi lifungue muunganisho wake, lisome, lifunge.

kibegi_cha_kodi

Flask mbele, SQLite nyuma, waya katikati. Mmeunda Postgres ya maskini.

Bi_Mizani

Ambayo bakapu yake ni faili moja na haina nenosiri la kusahau. Karibu ghalani.

dogo_wa_spea

Narudi na majibu baada ya siku tisa.

Ile nakala mbovu imepona kwa .recover. Nimelinganisha jumla za kila mwezi na daftari la mjomba la kodi: mauzo yamekuja yote. Picha 11 hazifunguki, zinaonyesha nusu ya juu ya risiti na chini kijivu. Nimemwambia mjomba. Alinyamaza kidogo, akauliza "na sasa?", nikamwonyesha VACUUM INTO inavyojiendesha saa mbili usiku na integrity_check inavyoandika ok. Akasema flashi ziwe mbili, moja ilale nyumbani kwake.

Picha zimehamia kwenye folda. duka.db sasa ni MB 48. Ripoti ya siku inatokea kabla kidole hakijaachia kitufe, EXPLAIN inasema SEARCH TABLE mauzo USING INDEX mauzo_tarehe. Kahawa anakunywa bado, ila sasa anainywa akiisoma. Bei 4,200 zinapanda chini ya sekunde moja, mara ya kwanza nilidhani imekataa.

Flask imechukua siku nne, nyingi zilikuwa za printa ya risiti, si za kanzidata. Waya tumevuta. "database is locked" sijaiona tangu Jumanne.

Jumamosi tulifunga duka saa tisa, tukahesabu rafu zote na kuanza upya na namba sahihi. Jana tumehesabu spoketi na cheni tena, zimelingana. Breki shuu zimepungua mbili. Kijana wa stoo kasema moja alimpa mjomba mwenyewe kwa pikipiki yake, mjomba kakumbuka. Ya pili bado tunaitafuta.

Swali la mwisho dada, kisha siwasumbui. Kutafuta bidhaa natumia LIKE '%cheni%', na EXPLAIN bado inasema SCAN TABLE bidhaa. Nihangaike na FTS5, ile nyongeza ya SQLite ya kutafuta maneno?

Bi_Mizani

Bidhaa 4,200? Hapana. Acha hivyo hivyo, kauze.